Shimo la Chumvi na Mkaa

Njombe haikaushi nguo. Mgeni huonywa habari za baridi tu. Habari za nguo hakuna anayemwambia, mpaka atakapofua suruali Jumatatu na kuivaa mbichi Jumapili. Kuanzia Juni ukungu hulala juu ya kamba kutwa nzima, na ukungu ukiisha huja upepo wa Septemba na vumbi lake jekundu. Shuka ukiianika saa tatu nyeupe, saa sita unaanua tofali.

Tabea aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, maana alikuwa mfuaji wa nyumba ya daktari wa misheni kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mjane wa Mdandu, mwembamba, vidole vimepauka kwa sabuni, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Kristina. Basi mwaka ule wa 1957, Bibi Daktari alipomwambia kwamba iko mashine njiani kutoka Uingereza itakayokausha nguo ndani ya nyumba, mvua inyeshe isinyeshe, Tabea aliitikia "Ndiyo, Bibi," kwa ile sauti tunayowaitikia Wazungu wakiahidi mambo, akaendelea kusugua.

Kumbe kweli. Mashine ilifika Makambako kwa lori, na pale ikahamishiwa lori jingine pamoja na fundi wake. Fundi aliitwa Nahumu. Kazi yake Makambako ilikuwa kutunza mitambo ya kusaga unga, lakini umeme alijifunza jeshini wakati wa vita, na hakuna mwingine mpaka Iringa aliyeweza kuufunga bila kuchoma nyumba ya mtu.

Umeme wa misheni ulitoka kwenye mtambo mdogo uliofungwa mtoni, bondeni, karibu maili moja. Uliwasha taa za hospitali na za nyumba ya daktari, basi. Bibi alidhani mashine itachomekwa palepale penye taa, nguo zianze kukauka kabla ya chai ya saa nne.

"Hapana, Bibi," Nahumu alisema. "Waya wa taa ni mwembamba, na mashine hii ni mlafi. Waya utaungua ndani ya ukuta, na nyumba itaufuata."

Siku mbili akafanya kazi. Alivuta waya mnene kutoka kwenye ubao wa fyuzi, wa mashine peke yake, akaupa fyuzi yake na swichi yake ukutani. Tabea aliwekwa kushika ngazi. Ndani ya ganda moja aliona nyaya tatu: mwekundu, mweusi na wa kijani. Mtu akishika ngazi siku mbili, lazima atauliza.

"Mwekundu unaleta," Nahumu alimjibu. "Mweusi unarudisha. Wa kijani hauna kazi."

"Kama hauna kazi, unaufunga wa nini?"

"Unangoja, mama. Siku moja ule mwekundu utachubuka, uguse bati la mashine. Mashine nzima itakuwa na umeme, na wewe huoni kitu. Imesimama vilevile, nyeupe, nzuri. Unaigusa kwa mkono uliolowa, na sakafu imelowa, basi, tunakuzika. Huu wa kijani ndio utakaokuwahi. Unauchukua umeme wote kwa kishindo kimoja na kuupeleka ardhini, mpaka fyuzi inakatika. Mashine inazimika, na wewe unabaki hai, unalalamika kwamba nguo hazijakauka."

Tabea alicheka, lakini si sana. Alimwangalia fundi akikwangua kwa kisu rangi mpya ya mashine, upande wa nyuma, mpaka chuma kikang'aa, akaukaza waya wa kijani hapo kwa nati. Moyo ulimuuma kuona kitu kipya kinakwanguliwa. Kisha ukuta ukatobolewa, waya ule ukatokea nje, nyuma ya chumba cha kufulia, kando ya njia ya kwenda kanisani.

Hapo Nahumu alichimba shimo refu kumpita mwenyewe. Akasimamisha ndani yake bamba la shaba kubwa kama sinia, akalifunga kwenye waya, akaanza kulifunika: mkaa uliopondwa, chumvi, mkaa, chumvi. Chumvi nusu gunia! Tabea alihesabu ukoo mzima ambao ungekula mboga yenye ladha mwaka mzima kwa chumvi ile, akafunga mdomo. Juu wakarudishia udongo.

"Sasa tuone kama ardhi imekubali," fundi alisema.

Aliufungua waya wa shimo kwenye mashine, akachukua balbu yenye nyaya mbili fupi. Waya mmoja wa balbu aliufunga kwenye umeme. Wa pili aliuunga na ule waya uliokwenda shimoni, ambako hakukuwa na kitu ila udongo. Balbu ikaonyesha uzi mwekundu, kama kaa linalokaribia kuzimika.

"Leta debe la maji, mama. Mwaga polepole."

Tabea akamwaga. Udongo ukanywa. Akamwaga tena, na alipoinua macho taa ilikuwa ya manjano. Akaendelea, ikawa nyeupe, ikang'aa ndani ya ukungu ule wa asubuhi mpaka akaona punje za chumvi kwenye vidole vya miguu yake. Akasimama na debe tupu mkononi. Akaogopa, na papo hapo akatamani kucheka kwa furaha, wala hakujua afanye lipi kwanza.

"Unapita wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chini. Unarudi kwao mtoni. Kule kwenye mtambo nako tumezika bamba kama hili."

Tabea akageuka kutazama bonde. Kulikuwa na shamba la viazi, miti ya miwati, makaburi ya kanisa, mwanamke anateremka na kuni kichwani. Chini ya hayo yote, sasa hivi, kitu kile kilikuwa kinapita maili nzima bila kutikisa jani. Miaka arobaini na mitano alikuwa ameukanyaga udongo huu, akiulima na kuupangusa sakafuni, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba unaweza kuwasha taa.

"Ardhi inapokea," Nahumu alisema, akifungua balbu yake na kuurudisha waya wa kijani mahali pake. "Ila ikiwa na maji. Ikikauka, inakataa. Kuanzia leo mpaka mvua za kwanza, debe moja kila asubuhi. Usiache hata siku moja, mama. Nguo mtakausha, lakini kinachowaweka hai ni debe hilo."

Akapanda lori akarudi Makambako. Mashine ikaanza kazi, na nguo zikatoka humo zina joto na laini hata Lucia, yaya wa nyumba ile, akawa anazikumbatia nepi za mtoto kabla ya kuzikunja.

Kila alfajiri Tabea alimwaga debe lake. Siku za mwanzo alimwaga kimya. Lakini alikuwa na bibi huko Mdandu, zamani, kabla kanisa halijaingia kila nyumba. Na bibi yule, kabla ya kupanda mbegu, alikuwa akimimina ulanzi, pombe ya mianzi, makaburini na kusema neno moja. Tabea hakuwa amelikumbuka kwa miaka thelathini. Asubuhi moja ya Julai, maji yakizama shimoni na yeye akifikiria kile kilicho macho chini ya nyayo zake, neno lilimtoka lenyewe kwa Kibena, maana yake: pokea. Halikumtisha. Lilikuwa ndilo neno lenyewe, hata fundi alikuwa amelisema. Tangu siku ile akalisema kila siku.

Mwisho wa Septemba mtu alilisikia.

Mtu huyo alikuwa Mzee Efraimu, mzee wa kanisa na mpiga kengele, ambaye kila alfajiri alipita njia ile miguu mitupu. Viatu alikuwa navyo, lakini vilikuwa vya Jumapili. Alikuwa mtu mwema, na nalisema hili mapema, maana katika mambo yanayofuata msomaji aweza kusahau. Tena alikuwa baba yake Abrahamu, na Abrahamu alikuwa amemchumbia Kristina. Mahari ilikwisha pokelewa, ndoa ilikwisha tangazwa kanisani, na siku ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba.

Mzee akaona kichuguu kidogo cha udongo, chumvi imechanua juu yake, vipande vya mkaa vimetapakaa. Akamwona mama mkwe wa mwanawe mtarajiwa anamimina maji juu yake kabla jua halijatoka. Akasikia neno. Laiti angemsalimu tu, "Kamwene," na kumuuliza! Hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kuita baraza.

Mchungaji alikuwa safarini, kwa hiyo waliketi wazee wanne, Efraimu katikati. Tabea aliwaeleza yote: waya wa kijani, bamba, mkaa, chumvi, taa iliyong'aa mchana. Waliangaliana. Kwa kweli, kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kufanana na tambiko.

"Na ulipomwaga, Mama Kristina," Efraimu aliuliza, "ulisema neno, hukusema?"

Hapo angeweza kujiokoa. Wazee wenyewe walitaka aseme hapana, waende nyumbani wakale.

"Nilisema, baba."

"Neno gani?"

Akalitaja, kwa Kibena, kama alivyolisikia kwa bibi yake. Mzee mmoja akashusha macho. Wote pale walikuwa na mabibi.

Hukumu ilikuwa fupi. Tabea alitengwa, Meza ya Bwana hataikaribia. Shimo liachwe likauke, na likikauka atarudishwa kundini siku hiyohiyo. Lakini kama maji yataendelea, Efraimu alisema, basi na ndoa haipo. "Siwezi kumtoa mkwe kwenye nyumba inayonywesha mizimu."

Kristina alilia mpaka uso ukavimba. "Mama, si maji tu? Acha kumwaga. Nguo uanike juani kama watu wengine. Wiki moja tu, ndoa ipite!"

"Bibi hataki vumbi kwenye nepi, mwanangu. Mashine itazunguka nikimwaga nisimwage."

"Basi mwambie Bibi aongee na wazee."

Tabea alitikisa kichwa. Mtu akitetewa na Mzungu mbele ya baraza, huwa ametengwa mara mbili. Badala yake alimtumia Nahumu barua kwa dereva wa lori, aje aseme mwenyewe. Jibu likaja kwamba fundi yuko Igwachanya, anafunga kinu cha kusaga, atarudi atakaporudi.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya shimo na debe lake. Njia ilikuwa tupu. Jua la Oktoba lilikuwa limekwisha kupasua ardhi pande zote, na pale tu palikuwa na unyevu. Alijiambia ni maji tu. Akamfikiria Kristina na gauni lililokwisha shonwa. Kisha akamfikiria Lucia, anayefungua mashine na mtoto mgongoni na miguu mitupu, na watoto wa daktari wanaokuja kuegemeza migongo yao pale kwa ajili ya joto. Hawa hawakujua lolote. Kilichowalinda ni udongo na yeye.

Akamwaga. Neno akalimeza, maji akayamwaga yote. Akalia huku akimwaga, kwa sababu alijua anachokimwaga.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ndoa, Efraimu alikuja mwenyewe. Tabea alikuwa anasuuza mashuka, sakafu yote maji, mashine inanguruma kona. Mzee akaingia miguu mitupu, fimbo ameiacha mlangoni.

"Mama Kristina, nimepita nyuma. Pamelowa."

"Pamelowa, baba."

"Nimekuja kukusihi, si kukugombeza. Abrahamu hali chakula." Mashine ikanguruma zaidi, maneno yake yakapotea. Akarudia, yakapotea tena. Mtu aliyezoea kusikilizwa na kanisa zima hapendi kushindwa na sanduku. "Hiki kitu!" akasema, akakipiga kofi kwa kiganja chote. "Nyamaza!"

Kwenye ubao wa fyuzi kukalia paa! Mashine ikazimika.

Efraimu aliuangalia mkono wake. Ulikuwa umeshtuka kidogo, kama umeumwa na siafu mmoja. Aliiangalia mashine. Halafu polepole akanyoosha mgongo.

"Umeona?" alisema. "Limetii."

Akachukua fimbo yake akaondoka, na kufika jioni misheni nzima ilijua kwamba Mzee Efraimu amelikemea dude la daktari likafa. Mzee alipotoka, Tabea alibaki amesimama kwenye maji, hawezi kusogea, macho yake kwenye kile kiganja cha mzee kilichobaki kama alama juu ya rangi nyeupe.

Nahumu alifika Ijumaa asubuhi kwa lori la kwanza, barua ya Tabea mfukoni. Alikata umeme, akafungua mgongo wa mashine, akaingiza tochi. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoa kichwa alikuwa amevua kofia.

"Njoo uone, mama."

Waya mwekundu ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati, miezi minne ya kutikisika, mpaka ganda likaisha. Palipogusana bati lilikuwa limeungua doa jeusi, dogo kama punje ya ulezi.

"Nani alikuwa ameishika ilipozimika?"

Tabea akamweleza.

"Miguu mitupu? Juu ya maji haya?" Nahumu alikaa juu ya kapu la nguo. "Ulikuwa umemwaga debe jana?"

"Nilimwaga."

"Mwite," fundi alisema. "Mwite huyo mzee, tafadhali."

Efraimu alikuja na uso wa mtu anayekuja kupongezwa. Nahumu hakubishana naye. Alimwonyesha doa jeusi, akamweleza taratibu, kama mtoto anavyomweleza baba. Mzee akasikiliza, akasema, "Nililikemea, mwanangu, likanyamaza."

"Sawa, mzee. Tutoke nje."

Waya ulikuwa umekwisha badilishwa. Hatua kumi kutoka kwenye shimo, kwenye ardhi kavu iliyopasuka, Nahumu alipigilia bomba la chuma kwa nyundo. Akatoa balbu yake. Waya mmoja kwenye umeme, mmoja kwenye bomba. Wakainama wote watatu, na Lucia na mtoto nyuma yao. Ndani ya balbu hakukuonekana kitu, labda wekundu kidogo, labda macho tu.

"Hii ndiyo ardhi kavu uliyoiomba, mzee," Nahumu alisema. "Haipokei. Umeme ukifika hapa unakosa njia, unangoja mtu." Kisha akaiunganisha balbu na waya wa shimo la Tabea, nayo ikawaka ghafla, nyeupe, hata mtoto akanyoosha mkono. "Na hii ndiyo iliyokuwa chini yako jana."

Efraimu akaziangalia nyayo zake.

Fundi akairudisha balbu kwenye bomba, ikafifia. Akachukua debe lililojaa, akampa mzee mwenyewe. "Mwaga. Sisi tusimame mbali, usije ukasema tumefanya dawa. Bomba usiliguse."

Mzee wa kanisa, mpiga kengele kwa miaka ishirini, alishika debe kando ya njia ya kanisani mchana kweupe. Alisitasita. Akamwaga kidogo. Udongo ukafanya sauti ya kunywa. Akamwaga tena, na uzi ndani ya balbu ukaiva, ukawa mwekundu, ukawa wa dhahabu. Kila alipoinamisha debe taa iliinuka. Alitazama balbu, akatazama udongo, akatazama bonde lote mpaka mtoni, kama alivyolitazama Tabea mwezi Juni, na uso wake ukawa uso wa kijana mdogo anayesimama nyuma ya babu yake.

Kisha neno lilimtoka, kwa Kibena, chini chini lakini wote walilisikia.

"Pokea."

Lucia aliacha kumbembeleza mtoto. Nahumu akageuka kuangalia nyundo yake, kana kwamba ilikuwa na tatizo.

Efraimu alibaki ameinama na debe. Aliposema, hakuinua kichwa. "Mama Kristina, jana ningekufa mimi."

"Ndiyo, baba."

"Nawe ulimwaga ukijua utapoteza harusi."

"Nilijua."

Mzee akainua kichwa. Kengele ya saa sita ilikuwa inamngoja na hakuikumbuka. "Leo nitaita wazee," alisema hatimaye. "Nitawaeleza yote. Na neno hili pia nitawaambia, waniamue wanavyotaka. Kesho wewe utakaa benchi la mbele, na mimi nitakaa watakaponiweka."

Machozi yalimshuka Tabea bila aibu yoyote. Alikuwa na maneno mengi ya wiki nzima, mengine makali, lakini alipomwona mzee amesimama pale na miguu yake mitupu ndani ya tope, alitazama tu ndani ya debe.

"Yamebaki maji, mkwe," alisema. "Peleka kule shimoni, umalizie. Leo mimi sijamwaga."